Mafunzo ya kutambua dharau ndogondogo: daftari lao ni zuri, orodha yao waiache

Idara yetu ya madai ilipelekwa kwenye mafunzo ya siku nzima, na baada ya wiki 6 tukarudi kwa nusu siku. Mada ilikuwa dharau ndogondogo za kila siku: namna ya kuzitambua, na mzigo unaombakia anayefanyiwa. Tulikuwa 26. Wenzangu wa idara ambazo zamu yao haijafika wamekuwa wakiniuliza kama yanafaa, nikaona niandike mara moja kwa wote. Nendeni. Asubuhi yake ina kasoro, mchana wake umenisaidia sana, na wiki moja kabla mtapewa kidaftari ambacho nawaomba sana msikiache kwenye droo.

Niseme kwanza nimekaa wapi katika jambo hili. Kazi yangu ni kuhakiki madai ya bima, na huu ni mwaka wa 14. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linavaa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Mtu mmoja akiwa mbele yangu, chumba kimetulia na uso wake uko kwenye mwanga, namsikia vizuri. Wakiwa watatu wanapokezana maneno, nusu nayapata kwa sikio, nusu kwa kusoma midomo na kukisia.

Maneno niliyoambiwa kuliko yote maishani mwangu ni haya: "Basi, achana nayo." Mtu kasema jambo, watu wamecheka, mimi nimeuliza, "Umesemaje?" Naye anapunga mkono: achana nayo, si kitu cha maana. Huenda kweli hakikuwa cha maana. Lakini waliobaki wote wamekwisha kukipata, na aliyeamua kwamba mimi sikihitaji ni yeye. Ukiniambia hivyo leo tu, nitasahau kabla ya jioni. Nimeambiwa hivyo tangu darasa la tatu.

Sasa daftari. Ni dogo, linaingia mfukoni. Kurasa za mbele unaandika kila unapoambiwa au kufanyiwa jambo likakuacha unajiuliza, "Alikuwa na maana gani?" Kurasa za nyuma unaandika kila unapohisi wewe ndiye uliyemfanyia mwingine. Majina hayaandikwi. Kuna safu tatu: kilichotokea, ulichojibu, na muda uliokuchukua mpaka ukaacha kukifikiria. Hiyo safu ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo huduma yenyewe. Hata wangetupa hiyo peke yake ningewashukuru.

Kwa siku 5 za kazi niliandika mambo 11 kurasa za mbele. Mtu alisimama mezani kwangu akamwuliza jirani yangu, "Mwulize kama amemaliza lile jalada," na mimi nimekaa hapo hapo, namtazama. Mwingine alinisifu kwamba nikinyamaza huwezi hata kujua nina tatizo. Kulikuwa na kikao kifupi ambacho sikuitwa, na nilipouliza nikaambiwa waliona kelele zingenisumbua. Yule wa jalada alitumia sekunde 3 kusema alichosema. Safu yangu ya tatu inasema niliacha kuliwaza nilipopitiwa na usingizi. Nilipojumlisha safu nzima nikapata zaidi ya saa 9 kwa wiki. Si saa za kulia, wala za hasira. Nyingi ni za kupima: alikusudia? Nilimsikia sawasawa? Nikimwambia, ataona nakuza mambo? Na mwaka jana alipofanya vile, ilikuwa ni hivi hivi?

Hilo la kusikia sawasawa nalitaja kwa sababu kwangu ni swali la kweli. Kila anayefanyiwa mambo haya hujiuliza kama ameelewa vibaya. Kwangu shaka inaanzia sikioni kabla haijafika moyoni. Mtu asiyesikia vizuri anatoka kazini amechoka kwa sababu siku nzima amekuwa akisikiliza kwa macho na shingo. Juu ya uchovu huo unamwongezea kazi ya upelelezi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na daftari hili ndilo jambo la kwanza nililowahi kuona linalomwezesha mtu mwingine angalau kuhesabu hao kunguni.

Kurasa za nyuma zilikaa tupu siku 3. Siku ya nne mgeni aliniuliza kama kuna mtu kwenye chumba cha mafaili ili aingie kupiga simu. Nikamwambia, "Ingia tu, hakuna mtu, ni mzee wa usafi." Mzee alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ameshika ndoo. Hakugeuka. Kama nisingekuwa na kidaftari mfukoni nisingejisikia nilivyosema. Miaka 14 natembea kwenye sakafu anayoisafisha, na nimemweka kwenye hesabu ya "hakuna mtu". Niliandika mstari huo, na safu ya tatu nimeiacha wazi mpaka leo.

Nikaenda kwenye mafunzo nikiwa na hayo.

Asubuhi yote ni ya kukaa na kusikiliza. Mwezeshaji alitueleza kwamba jina la kitaalamu la jambo hili, "microaggression" kwa Kiingereza, lilitolewa mwaka 1970 na Chester Pierce, daktari Mmarekani mweusi wa magonjwa ya akili aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa akitazama namna Wamarekani weusi wanavyotendewa kwa vitu vidogo vidogo, kimoja kimoja visivyo na uzito, ambavyo vikijumlishwa kwa miaka humla mtu kujiamini kwake na hata afya yake. Mwaka 1973 Mary Rowe wa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, akaanza kuandika juu ya upungufu mdogomdogo wa haki unaowapata wanawake na wengine kazini. Halafu 2007 mwanasaikolojia Derald Wing Sue na wenzake wakayapanga katika mafungu matatu: shambulio la wazi, tusi lililojificha ndani ya maneno ya kawaida, na kumkanushia mtu yale aliyoyapitia.

Fungu la tatu lilinigusa sana. Unapomwambia mtu kwamba anakuza mambo, au kwamba huyo fulani ni mtu mwema na hakuwa na nia hiyo, umemwongezea la pili juu ya la kwanza, na la pili hukaa zaidi. Fungu la kwanza sioni kama lilihitaji jina jipya. Lugha yetu ina kijembe, kebehi, kejeli, masimango, na kila mmoja wetu anajua anaporushiwa. Tunachokosa ni neno la kile kinachotoka kwa mtu asiyejua kwamba kimetoka.

Na hapo ndipo mafunzo yalipokwama kwa nusu saa nzima. Mwezeshaji alishikilia neno "dharau", na dharau kwa Kiswahili ina nia ndani yake. Kila mfano alioutoa, kuna aliyenyanyuka kusema, "Lakini mimi sikumdharau!" Walikuwa wakisema kweli. Waliitwa wenye dharau wakati walichofanya ni kutokuangalia.

Niliinua mkono nikasema kwa lugha ya kazini kwetu. Dereva akirudi nyuma akagonga gari la mwenzake, fomu yetu haina mahali pa kuuliza kama alimchukia mwenye gari. Tunaangalia mbonyeo uliobaki kwenye mlango. Nia yake inaweza kumwondolea lawama nyingi, lakini mbonyeo hauondoki kwa nia. Kisha kuna kitu kinaitwa uchakavu wa kawaida, ambacho bima hailipi. Rangi iliyopauka, kiti kilichochanika kidogo kidogo. Hailipwi kwa sababu ni kitu kinachojiendea siku hadi siku na hakuna ajali ya kuionyesha, na fomu ya madai inataka tarehe ya tukio. Nikasema, hawa watu tunaowazungumzia hapa wamechakaa, na tunawadai tarehe ya tukio. Mjadala wa nia ulitulia baada ya hapo. Nawashauri watoa mafunzo waseme "mikwaruzo". Mtu akiambiwa amekukwaruza huangalia kwanza alikopita. Akiambiwa amekudharau hujitetea.

Kasoro kubwa ya asubuhi ni karatasi ya maneno 40 yasiyofaa kusemwa. "Unatoka wapi hasa?" "Unaongea vizuri, sikutegemea." "Kwa umri wako umejitahidi." Mengi yake kweli yanaumiza, lakini yamepangwa kana kwamba sumu iko kwenye herufi. Mtoto wa kaka yangu aliwahi kuniuliza, "Shangazi, hicho kidude sikioni kinawasha?" Nikakitoa akakishika, tukaongea. Swali hilo hilo kutoka kwa mtu tuliyekutana naye kwenye lifti, mbele ya watu, ni jambo jingine kabisa. Karatasi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Watu waliinakili kama wanajiandaa na mtihani, na wakati wa mapumziko meza yetu ikawa kimya. Jirani yangu, ambaye kwa kawaida huongea nami bila shida, alitabasamu tu akaangalia kikombe. Aliogopa kukosea. Nataka watoa mafunzo walielewe hili kutoka kwangu: anayeniepuka kwa kuogopa kunikwaruza ameniacha peke yangu zaidi kuliko aliyenikwaruza. Hiyo karatasi waiondoe.

Kasoro ya pili ilinipata mimi mwenyewe. Wakati wa kujitambulisha mwezeshaji aliona shimesikio langu. Kuanzia hapo, akinigeukia mimi, alipaza sauti na kuvuta maneno, nami sikuwa nimemwomba. Sauti ikipazwa hivyo kwenye kifaa inavunjika na midomo inapotoka, kwa hiyo namwelewa mtu kwa taabu zaidi. Kisha mbele ya wote: "Dada, hebu tusimulie unavyojisikia kuishi hivyo." Vichwa 25 vikageuka. Nilisema maneno machache nikakaa. Nilikuja kujifunza kama wengine, nikageuzwa somo.

Nilimfuata wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi, maana naujua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekosea. Nilipaswa kukuuliza pembeni, na wewe ndiye wa kuamua. Mchana nisimame wapi ili unione mdomo?" Akaniuliza pia kama angeweza kulitumia tukio hilo kama mfano kwa kikundi. Nikakataa. Hakulitaja tena siku nzima, wala hakunitazama kwa macho ya kuomba nimsamehe. Alihama kutoka mbele ya dirisha akasimama upande wa ukuta, mwanga ukawa usoni mwake. Nampa alama za juu kwa hilo kuliko kwa picha zote alizozionyesha ukutani. Nimeishi miaka mingi na watu wanaojua jina la kosa na hawajui kulirekebisha.

Mchana ulikuwa wa mazoezi, watu watatu watatu: msemaji, msemwaji na shuhuda, kwa kupokezana. Msemwaji alijifunza kuuliza kwa sauti ya kawaida, "Ulikuwa na maana gani?" na kunyamaza asubiri. Msemaji alijifunza kuomba radhi kwa ufupi. Hii ni ngumu kuliko mnavyodhani. Wengi wetu tunasema "samahani kama umeumia", na hapo tumemrudishia mwenzetu kosa. Wengine wanajilaumu kwa uchungu kiasi kwamba aliyekwaruzwa ndiye anayeishia kuwabembeleza. Katika kikundi chetu mwenzetu mmoja alirudia mara 4 kabla hajaweza kusema "Nimekosea, nitaliangalia" na kuishia hapo.

Lakini aliyenishangaza ni shuhuda. Kazi yake ni sentensi fupi inayorudisha mlango wazi bila kugeuza kikao kuwa kesi. "Alikuwa bado anaongea." "Wazo hilo alilitoa yeye kwanza." Kwenye kikundi changu shuhuda alikuwa mwenzangu ambaye kwa miaka mingi ndiye bingwa wa "achana nayo". Hakujua kwamba amejaa kwenye daftari langu, maana majina hayaandikwi. Tulipoigiza, msemaji akapunga mkono, na huyu akasema, "Mrudie, hajalipata." Maneno mawili. Nilisikia mabega yangu yakishuka, mahali ambapo sikuwa najua yamekaa juu. Sikuwa na la kufanya. Sikuuliza mara ya pili, sikujieleza, sikuchagua kati ya kunyamaza na kuonekana mkali. Mwingine alikuwa amebeba.

Kuchagua huko ndiko kunakochosha, na Sue na wenzake walikwisha kukieleza kitanzi hicho kwenye andiko lao la 2007: ukinyamaza unalala nalo, ukisema unaonekana una kisirani. Mwezeshaji alikubali wazi kwamba si kila mkwaruzo unastahili kujibiwa na kwamba mtu ana haki ya kuchagua wa leo. Nilipenda kusikia ruhusa hiyo kutoka mbele ya darasa.

Mahali palipobaki peupe ni pale msemaji anapokuwa ndiye anayesaini likizo yako. Tulipewa sentensi mbili tu, na zote mbili zilidhania bosi mwenye moyo mzuri. Nusu ya daftari langu imetoka kwa watu walio juu yangu. Sehemu hiyo inahitaji saa nzima, na inahitaji wakuu wawemo chumbani. Wakuu wetu waliondoka baada ya ufunguzi, na hilo si kosa la watoa mafunzo. Idara zinazofuata, wabakisheni wakuu wenu mpaka jioni.

Kuna jambo jingine ambalo hawakutuambia, na mimi kama mhakiki nimeona vibaya kulikuta peke yangu. Mwaka 2017 Scott Lilienfeld, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, alichapisha uchambuzi mkali juu ya utafiti wa eneo hili. Alisema maana ya neno lenyewe ni legevu mno, vipimo vinategemea sana anavyojisikia anayejibu, na ushahidi wa madhara hauna nguvu inayodaiwa. Hakukana kwamba watu hubaguliwa kwa njia zilizojificha. Alitaka mafunzo ya aina hii, pamoja na orodha za maneno zinazosambazwa, yasimame kwanza mpaka utafiti ukamilike. Yaani alizungumzia chumba kile kile tulichokaa na karatasi ile ile tuliyopewa. Mtu mzima anapaswa kuambiwa hilo. Kuhusu orodha, nakubaliana naye kabisa. Kuhusu kumtegemea anayefanyiwa aseme mwenyewe, nasita: hospitalini maumivu hupimwa kwa kumwuliza mgonjwa, sifuri hadi 10, na daktari anaanzia hapo. Lakini ningefurahi kubishana hayo pale pale, na mwezeshaji akiwepo.

Kipindi cha marudio tulihudhuria 19. Daftari tuliandika tena wiki moja kabla. Kurasa zangu za mbele zimeshuka kutoka mambo 11 hadi 7. Sitaki kuwauzia namba hiyo kama ushahidi, kwa sababu mmoja wa wasemaji wakubwa alikuwa likizo wiki hiyo. Saa za safu ya tatu zimepungua zaidi ya hapo, na sababu naijua: mara 2 kulikuwa na shuhuda. Kurasa za nyuma zimepanda kutoka 1 hadi 5. Nimemkata maneno mara mbili mwenzetu anayejifunza kazi, nikimmalizia sentensi kwa sababu anaongea polepole. Mimi, ninayejua kusubiriwa kuna thamani gani.

Yule mzee nilimfuata siku ya pili baada ya mafunzo. Nilimwomba radhi kwa kumsema mbele ya mgeni, nikamwuliza jina lake. Akanitajia, akaongeza kwamba langu analijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Akanikumbusha siku ya jaribio la king'ora cha moto, miaka kadhaa iliyopita, aliponigonga begani kwenye chumba cha mafaili akanionyesha mlango. Nilikumbuka mkono ule. Nilikuwa nimedhani ni mlinzi. Alikuwa amejua kwamba nikikaa upande ule wa kabati sitasikia, akapanda ngazi kurudi kunitafuta.

Kwa anayetaka kujua kwa kifupi kabla ya kujiandikisha: ombeni ratiba ianze na mazoezi, ombeni chumba chenye mwanga unaotoka mbele na viti vya duara, kwani tulipangwa kwa safu na sikuweza kusoma midomo ya waliokaa nyuma yangu. Karatasi ya maneno 40 mkipewa, irudisheni. Daftari lianzeni siku ile ile mnayolipokea, maana wiki ni fupi. Langu limejaa, nimetengeneza jingine kwa karatasi za ofisini, na safu ya tatu ya kurasa za nyuma nimeipanua.